Mtani Kaburini

Mkono wa kushoto wa Skolastika Kikoti ulianza kufa ganzi kabla hata mbwa hajabweka. Alikuwa jikoni kwake Gangilonga, anamenya viazi vya mchana, akashangaa kiazi kimemponyoka na kubiringika mpaka chini ya friji. Vidole vilikuwa vizito na vya baridi, havitaki kukunjika. Hakuwa na haja ya kuchungulia dirishani. Mkavu alikuwa amesimama getini.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaokota kiazi chake, akatoka polepole huku akijiandaa kumfukuza kwa adabu mtu wa kuomba nguo kuukuu. Ndipo akaisikia ile sauti.

"Hodi kwa walaji mbwa! Huyu anayebweka ndiye aliyebaki, au mmemweka akiba ya Krismasi?"

Loo! Moyo ukamruka. Duniani kuna watu wachache sana wanaoweza kumtukana mwanamke mzima getini kwake, naye akafurahi. Longino Ngonyani alikuwa mmoja wao. Mngoni wa Peramiho, fundi wa majiko, mtani wa ukoo wao wa Kihehe tangu babu zao walipochoka kuchomana mikuki wakaona afadhali wataniane. Skolastika alipokuwa mtoto, mzee huyu alikuwa akiingia kwao bila kubisha, anafunua sufuria, anachagua finyango kubwa, kisha anaondoka na kigoda cha baba mwenye nyumba, na mama yake Skolastika anacheka mpaka anashika mbavu. Mtani hakatazwi kitu. Ukimkasirikia mtani, watu watasema wewe ndiye mwenye walakini.

"We mwizi wa panya," akajibu kwa sauti, "nani amesahau kufunga mtego leo?"

Alicheka kweli kweli. Lakini miguu yake ilisimama pale inaposimama siku zote, nyuma ya mstari wa njano uliopakwa uani. Nyumba zote za Gangilonga zina mstari huo. Ganzi huanza mbali, ni onyo tu; hesabu yenyewe huanza ukiuvuka mstari. Ndani ya kifundo cha mkono wa kila mtu mzima mna punje, haizidi punje ya ulezi, na hiyo ndiyo kadi: ndiyo duka, ndiyo nauli, ndiyo hospitali. Punje zinasikilizana. Ukikaa karibu na mkavu, mtu ambaye kadi yake imekauka kwa deni, Kampuni yenye kadi hizo inachukulia kwamba nawe uko njiani kukauka, na deni lake linatupa kivuli juu ya kadi yako. Ukimgusa, kivuli kinakuwa maradufu. Watoto waliozaliwa zama hizi wanadhani ni maumbile tu, kwamba maskini humtia mtu ganzi jinsi barafu inavyotia baridi.

Juu ya ngozi ya Skolastika ilikuwa inawaka nukta ya kijani. Ya Longino ilikuwa na rangi ya majivu, na ilikuwa hivyo kwa miaka mingi.

Longino alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Dada yako Damari ni mtu mbaya sana," akasema. "Alinikopa kuku Pasaka. Ameona siku ya kulipa inakaribia, akalala, akakataa kuamka. Leo alfajiri. Amenitoroka mdeni wangu. Sasa nimekuja kwako wewe ndugu yake."

Ndivyo mtani anavyoleta habari za namna hiyo, na Skolastika alielewa mara moja. Alisikia upepo umesimama. Longino naye, kwa mazoea ya wakavu wenzake wa ng'ambo ya mto, alipitisha mkono kati ya nondo za geti ili amshike. Ganzi ikampanda Skolastika mpaka kwenye kiwiko, na miguu yake ikarudi nyuma hatua mbili tatu, yenyewe, bila kumwuliza mwenyewe. Alipokuja kushtuka alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, na mkono wa Longino ulikuwa bado unaning'inia pale getini.

Longino aliurudisha taratibu, akajifanya anajikuna shingo.

"Tunamzika kesho alasiri, makaburi ya Ipogolo. Utakuja?"

"Nitahudhuria," Skolastika akasema.

"Aa! Mimi sikuuliza habari za kutuma mkongojo. Nimeuliza wewe, na miguu yako hiyo ya bata, utakuja?"

Skolastika akakigeuza kile kiazi mkononi. Longino akaangalia juu, akaangalia chini, kisha akacheka kicheko chake cha siku zote, ingawa kilikuwa kifupi.

"Haya. Nipe basi hicho kiazi nikachome. Siwezi kutoka nyumba ya matajiri mikono mitupu, watanicheka."

Skolastika akakirusha. Watu wa kijani wakitaka kumpa mkavu kitu, hurusha. Imeshakuwa kawaida, wala hakuna anayeona haya. Longino alikidaka kwa mikono miwili, akakitazama kidogo, akakitia mfukoni bila kusema neno la kuchekesha. Akashuka zake kuelekea mtoni.

*

Tusidanganyane: Skolastika alikuwa na deni kubwa kuliko mtaa mzima aliokuwa akiishi Damari. Nyumba ilikuwa deni, gari deni, mapazia ya sebuleni deni, na mashine ya hospitali iliyokuwa ikimsafisha damu mume wake mara mbili kwa juma ilikuwa deni juu ya deni. Ila kwa mtu wa kijani hakuna anayeliita deni. Wanaliita uwezo. Riba yake ni ndogo, unaweza kuisahau, na kila mzigo unapotaka kumlemea, Kampuni inamwongezea uwezo mwingine wa kubebea ule wa kwanza, na asubuhi anapata ujumbe wa kumpongeza.

Damari alikuwa na vitu viwili tu kwenye kadi yake. Kimoja ni cherehani. Cha pili ni siku ile figo za Luvanda, mume wa Skolastika, zilipokufa zote kwa mpigo. Wakati huo kadi ya Skolastika ilikuwa ndogo, ya mwalimu wa kawaida, na hospitali iliikataa mbele za watu. Damari alitoka kwenye cherehani yake na uzi bado uko begani, akafika, akaweka mkono wake kwenye mashine ya malipo. Hata kuuliza ni kiasi gani hakuuliza. "Wekeni, wekeni," alisema, "sisi wenyewe tutajuana mbele."

Hawakujuana. Luvanda alipata nafuu, akarudi kiwandani. Skolastika akapandishwa kuwa mkaguzi wa shule. Kadi yao ikapanda ngazi juu ya ngazi. Ya Damari ikaanza kushuka, na kadi ikishuka, riba inapanda, na riba ikipanda, kadi inashuka tena. Mwaka mmoja alikosa kulipa wakati wa mvua nyingi, wateja hawana hela za nguo, na nukta yake ikawa majivu. Skolastika alitaka kumlipia. Jamani, alitaka. Alipouliza akaambiwa kwamba kupeleka malipo kwenye kadi iliyokauka kunahesabiwa kama kuishi nyumba moja na mwenye kadi hiyo. Basi akawa anatuma unga na mafuta kwa mkono wa mtu. Baadaye akawa anatuma sikukuu kwa sikukuu. Baadaye, yule mtu wa kupeleka naye akakauka.

Mchana ule, baada ya Longino kuondoka, alikaa mezani akaipigia Kampuni. Ilipokea sauti ya kike, laini, isiyochoka.

"Pole sana kwa msiba, mteja wetu mpendwa."

"Nilikuwa naomba ruhusa ya msiba," Skolastika akasema. "Kwa kesho tu. Kivuli kisihesabiwe."

"Ruhusa ya msiba hutolewa kwa mzazi, mwenzi na mtoto. Kumbukumbu zetu zinaonyesha marehemu ni dada."

"Ndiyo, dada. Tumenyonya ziwa moja."

"Tunaelewa. Kwa makadirio yetu, ukihudhuria kwa mwili katika eneo hilo alasiri nzima, kadi ya familia itashuka chini ya kiwango cha matibabu. Kwa mwenendo wako mzuri, unaweza kuirudisha ndani ya mwaka mmoja. Je, tukuandalie huduma ya Hudhurio? Kwa msiba wa ndugu kuna punguzo."

Hudhurio ndilo jina ambalo Kampuni imekipa chombo chake. Watu wanakiita mkongojo: fimbo ndefu yenye magurudumu matatu chini, na juu yake kioo kinachoonyesha uso wako. Kinakwenda msibani, wewe umekaa kwako. Kinaweza kuinamisha kichwa, kinaweza kusogea mbele na kurudi nyuma, na sauti yako inatoka humo. Skolastika alikuwa ameshahudhuria harusi mbili na mahafali kwa mkongojo. Akasema ndiyo, waandae.

Alipogeuka, Luvanda alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, ameshika fremu. Ilikuwa Alhamisi, siku yake ya mashine ilikuwa Jumamosi, na kila inapokaribia huwa anavimba uso na miguu, viatu havimwingii. Daktari alishawaambia waziwazi: bila mashine hatamaliza mwezi.

"Nenda, Mama Zawadi," akasema.

"Niende wapi?"

"Nimesikia yote. Nenda kamzike dada yako."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni Jumamosi."

"Usiniletee maneno ya kishujaa hapa, Baba Zawadi. Nakuuliza Jumamosi tunafanyaje?"

Luvanda alijivuta mpaka kwenye kiti, akakaa, akapumua kwanza. "Yule mama aliniwekea mkono wake pale dirishani," akasema. "Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nilimwona. Hakunitazama hata usoni, alikuwa anamtazama yule karani, anamwambia fanya haraka."

"Aliweka ili uishi. Nikienda, kadi inaanguka, na wewe unakufa. Sasa hicho alichofanya kitakuwa kimesaidia nini?"

Maneno hayo yalikuwa kweli. Skolastika mwenyewe aliyasikia jinsi yalivyokaa sawa, akayarudia moyoni mara ya pili, akayaona bado yako sawa. Akarudi jikoni kumalizia viazi. Alikuwa anangoja kulia. Alimenya, akakata, akaosha, akangoja. Machozi hayakuja, na alipojaribu kumkumbuka Damari, kilichomjia ni ule uzi begani, basi. Alihofu sana kuona kwamba hahuzuniki.

Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, ambalo asingemwambia mtu yeyote, hata padri. Alijua kabisa kwamba hata Luvanda angekuwa mzima, anakimbia na kurukaruka, bado yeye asingekwenda Ipogolo. Alikuwa ameshazoea kutokwenda.

*

Alasiri ya Ijumaa alivaa kitenge cheusi, akafunga kilemba, akakaa mbele ya kioo cha mezani. Picha ikacheza kidogo, ikatulia. Akauona mlima, akaliona wingu zito limeanza kujikusanya upande wa mashariki, kisha akawaona watu.

Walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Wakavu hawana pa kwenda, wanakwenda kwenye misiba ya wenzao. Wanawake walikaa chini wamebanana, magoti kwa magoti, mmoja kaegemea bega la mwingine, mtoto wa huyu kalala mapajani kwa yule. Skolastika alishindwa kuyaondoa macho. Hakukumbuka mara ya mwisho aliegemewa na mtu. Mkongojo wake ulikuwa peke yake upande wa pili wa kaburi. Binamu zake wawili wa kijani walikuwa wametuma salamu za maandishi.

Longino alikuwa kazini. Alivaa gauni la Damari, lile la maua, na kilemba cha Damari, na miwani yake iliyofungwa kwa waya. Alikuwa anatembea mwendo wa Damari wa kuchechemea, anapima watu kiuno kwa kamba ya katani, anawafokea kwa sauti ya Damari: "Simama sawa, mama! Tumbo hilo tulipime au tuliache lije kesho?" Watu walikuwa wanacheka huku wanalia, pua zinawatiririka. Ndiyo kazi ya mtani, kumleta marehemu mara moja tena kabla hajafukiwa. Skolastika naye akacheka. Alimwona dada yake pale, mzima, na kifua kikamwuma kidogo, akafurahi kwamba kimemwuma.

Katekista alipomaliza sala, vijana wakashika kamba ili wateremshe jeneza. Longino akavuta gauni juu kidogo, akaruka, akaingia kaburini. Akajilaza humo chali, mikono kifuani.

Watu wakapiga kelele za furaha. Hilo nalo lilikuwa linangojwa. Mtani akishaingia kaburini hatoki bure. Ndugu wa marehemu sharti aje, atoe chochote, kisha amshike mkono amvute. Alipokufa mama yao Skolastika na Damari, Longino aliingia kaburini vivyo hivyo, na alitolewa kwa jogoo na matusi.

"Haya, yuko wapi ndugu wa huyu mdeni wangu?" sauti ikatoka shimoni. "Nataka kuku wangu!"

Wote wakaugeukia mkongojo. Skolastika alisogeza mdomo karibu na kipaza sauti. Zamani alikuwa hodari wa haya mambo.

"Kaa humo humo!" akasema. "Koleo ziko hapa. Tutakufukia na wewe, tupunguze Wangoni!"

Kicheko kilichotoka pale, hata Luvanda alikisikia chumbani. Mama mmoja alijipiga mapaja. Katekista mwenyewe aligeuka pembeni kuficha meno. Skolastika alisikia joto usoni, joto la kuwa kati ya watu wake, na kwa dakika chache alisahau kabisa kwamba yuko Gangilonga.

"Kuku nitakupa kumi," akaongeza. "Toka sasa, mzee mzima, usituchafulie kaburi."

"Utanipa kwa njia gani, kwa upepo?" Longino akasema. "Kadi yako hainijui mimi. Hapana, Mhehe. Kuku nimemsamehe. Mimi nataka mkono tu."

"Mkono gani?"

"Wa ndugu. Unitoe humu." Longino alikuwa ameshakaa kitako humo shimoni, miwani ya Damari imempanda kwenye paji la uso. "Gari unalo, barabara ni lami. Huyu Damari hana haraka tena, na sisi wengine hatuna pa kwenda. Tutakungoja."

Wanawake wakadaka, wakaanza kupiga makofi kwa pamoja: Skola njoo! Skola njoo! Wengine walisimama wakacheza. Walikuwa bado wanafanya mzaha, na Skolastika aliuchukua kuwa mzaha, akatikisa kichwa kwenye kioo, akacheka. Akangoja Longino achoke.

Longino hakuchoka. Makofi yakapungua, yakaisha. Wingu likafika juu yao. Vijana walikuwa wameshika kamba, jeneza liko juu ya miti miwili, hawajui walishushe wapi. Katekista akainama ukingoni.

"Mzee Longino, mvua hiyo."

"Naiona, mwalimu. Sijazibwa macho."

"Basi toka tumsitiri mama."

"Nitatolewa."

Ndipo Skolastika alipoelewa kwamba mzee yule hatanii. Au kwamba anatania, na utani wenyewe ndio huu, na hauna njia ya kutokea isipokuwa mkono wake. Akautazama mkono wa kushoto uliokuwa umelala mezani, nukta ya kijani inawaka vizuri. Haukuwa na ganzi. Ulikuwa mkono wa kawaida, na hilo ndilo lililomtisha.

Nyuma yake kitu kilianguka. Luvanda alikuwa amelitoa koti lake kubwa kabatini, akaangusha henga. Alikuwa analivaa, mkono mmoja umeshaingia, wa pili unatafuta tundu. Viatu vilikuwa vimemshinda; alikuwa na ndala.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi ni shemeji yake," Luvanda akasema. "Shemeji ni ndugu. Nitamtoa mimi."

"Hufiki hata kwenye gari."

"Nitafika. Nipe funguo."

Funguo za gari zilikuwa kwenye bakuli la matunda, katikati yao. Wote wawili waliziangalia. Skolastika alikuwa mzima na Luvanda mgonjwa, kwa hiyo hayakuwa mashindano. Alizichukua, akazitia kwenye sidiria, kama mama yake alivyokuwa akificha hela wakati wa soko.

"Kadi ni moja, Baba Zawadi. Ukienda wewe, nikienda mimi, ni yale yale."

"Najua."

"Unajua halafu unataka kufa?"

"Nataka kumzika Damari," Luvanda akasema. "Nipe funguo, mke wangu."

"Sikupi."

Luvanda alinyoosha mkono. Hakumfokea, wala hakujaribu kumnyang'anya. Alisimama tu na koti lake limevaliwa nusu, kiganja wazi. Skolastika akamgeuzia mgongo, akarudi mezani. Kule Ipogolo matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka, na wanawake walikuwa wanafunika jeneza kwa kanga zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka lote likawa na rangi.

Aliuleta uso wake karibu na kioo.

"Mzee Longino," akasema. "Tafadhali. Naomba utoke. Mume wangu ni mgonjwa, siwezi kuja. Nakuomba sana unielewe."

Hakuna aliyecheka. Mtani haombwi. Mtani anatukanwa, anafukuzwa kwa ufagio, anamwagiwa maji. Lakini tafadhali ni neno la watu wengine. Longino alisimama humo kaburini. Kichwa chake kilionekana juu ya ukingo, na macho yake yakaukazia mkongojo kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni.

Kisha akanyoosha mikono, na watu wakamvuta, katekista huku na mama mmoja jirani huku. Hakulipwa chochote na hakudai. Alivua kilemba cha Damari, akavua miwani, akavua lile gauni la maua lililolowa, akalikunja vizuri na kumpa yule mama. Akabaki na suruali na shati lake lililotoboka kwapani. Akapangusa matope mikononi.

Alikuja mpaka mbele ya mkongojo. Alikuwa na kofia yake mkononi. Mzee yule alimwona Skolastika akiwa na umri wa siku moja, na neno la kwanza alilomwambia, kwa maelezo ya mama yake, ni kwamba hajawahi kuona nyani mbaya kiasi kile. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwambia neno zuri hata moja.

Aliinama.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Poleni sana na msiba. Mtuwie radhi kwa usumbufu."

Skolastika alijua kinachotakiwa. Tusi moja tu. Chochote: mwizi wa panya, mzee mchafu, ondoka na ushenzi wako wa Songea. Nafasi ilikuwa bado ipo. Longino alikuwa ameinama, anangoja, na huenda alikuwa anangoja hilo hilo. Alitafuta mdomoni. Mdomo ulikuwa mzito, ulimi umelala, ganzi tupu kutoka meno mpaka kooni.

"Marahaba," akasema.

Longino akaitikia kwa kichwa. "Mvua hii itaharibu chombo chenu," akasema kwa upole mkubwa, akaushika mkongojo kwa ncha za vidole, akausukuma taratibu mpaka chini ya kibanda cha kuwekea koleo. Akaugeuza usipigwe na manyunyu. Kutoka pale Skolastika hakuliona tena kaburi. Aliona mabati, na toroli, na mifuko mitupu ya saruji. Aliweza kusikia tu. Walianza wimbo, halafu udongo, mwanzo unapiga mbao, kisha unapiga udongo mwenzake.

Alisikiliza mpaka ukaisha. Luvanda alikuwa angali amesimama nyuma yake.

"Longino amekwambia nini?"

"Amenisalimia," Skolastika akasema.

Luvanda alimwangalia mke wake. Alimjua Longino miaka yote ya ndoa yao. Akautoa mkono kwenye koti, akaliacha koti lianguke sakafuni, akaingia chumbani.